Sura ya Saba: Tembo wa Tabora na Namba Iliyo Juu Yake

Mkulima wa kahawa wa Oldeani hahitaji kufundishwa maana ya daraja. Anachuma, anamenya, anaanika, kisha kahawa yake inashuka Moshi kukobolewa na kupitishwa kwenye chekeche zenye matundu ya vipimo mbalimbali. Punje kubwa zinaitwa AA, zinazofuata A, kisha B, kisha C. Ile punje ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda inatengwa na kuitwa PB. Kila kundi linaingia mnadani kwa jina lake na kutoka na bei yake.

Mkulima huyohuyo anajua jambo ambalo mgeni huchelewa kulijua: AA ni habari ya ukubwa wa punje. Haisemi kama kahawa ilichachishwa kupita kiasi, kama ilinyeshewa ikiwa kwenye kichanja cha kuanikia, au kama gunia lililala karibu na mafuta ya taa. Hayo anayajua mwonjaji, yule anayemwaga maji ya moto juu ya unga wa kahawa, akavuta kijiko kimoja kwa kishindo, akatema na kuandika. Ndiyo maana mnunuzi wa kahawa hupata sampuli kabla ya siku ya mnada. Anasoma daraja, halafu anaonja.

Sura hii inahusu soko ambalo daraja lina nguvu kuliko Moshi, lakini kuonja hakupo. Ni soko la vitu vya kale vya kukusanya: kadi za picha za wachezaji na sarafu za zamani, zilizopewa namba na wataalamu, zikafungiwa ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa, zikapelekwa mnadani. Mtu aliyekaa Karatu mjini na simu yake anaweza leo kushindana na mtu wa Dallas, wa London au wa Osnabrück kwa kitu kimoja. Wote wawili wanaona picha ileile na namba ileile. Hoja yangu katika kurasa hizi ni kwamba kwa vitu vilivyotoka katika ardhi hii, wa Karatu ana kitu cha ziada, na kitu hicho hakiandikwi kwenye kasha.

Tuanze na namba yenyewe. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitoa kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za nchi yake, na ndani yake akapanga kipimo cha 1 hadi 70. Kipimo hicho kilizaliwa kikiwa kipimo cha bei. Sheldon aliona kwamba senti iliyohifadhika kikamilifu ilikuwa ikiuzwa kwa takriban mara 70 ya senti iliyosagika hata haisomeki, akaigeuza tofauti hiyo ya fedha kuwa ngazi ya ubora. Bei zikabadilika, uwiano ule ukafa, ngazi ikabaki. Mwaka 1986 ilianza kazi kampuni ya PCGS, mwaka uliofuata NGC, zote za Marekani, nazo zikaichukua ngazi ya Sheldon na kuanza kufungia sarafu kwenye plastiki. Mwaka 1991 PSA ikaanza kufanya vivyo hivyo kwa kadi, kwa ngazi fupi ya 1 hadi 10.

Sababu ya kuanzishwa kwao ilikuwa ya haki kabisa. Kabla yao, muuzaji ndiye aliyesema kitu chake ni kizuri, na mnunuzi ndiye aliyegundua baadaye kuwa sicho. Mtu wa tatu asiye na mali mezani alihitajika. Nami naamini mpaka leo kwamba mnunuzi wa mbali, asiyeweza kushika kitu, yuko salama zaidi akinunua kilichopitia mikono hiyo kuliko kisichopitia. Lakini kadi ya kwanza kabisa kupewa namba na PSA ndiyo inayoonyesha mipaka ya namba.

Ilikuwa kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Pittsburgh. Kampuni ya American Tobacco ilitia kadi za mfululizo huo ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Ya Wagner ilisitishwa mapema kwa kuwa mwenyewe hakutoa ruhusa, kwa hiyo zilizobaki ni chache mno. Moja kati ya hizo ilikuwa na kona kali na kingo zilizonyooka kuliko ilivyotarajiwa kwa kipande cha karatasi kilichosafiri na tumbaku. Mwaka 1991 ilinunuliwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola 451,000 na Wayne Gretzky, nyota wa mpira wa magongo wa barafuni, akishirikiana na Bruce McNall. PSA ikaipa 8. Mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Minong'ono ilikuwepo miaka yote, na mwaka 2013 Bill Mastro, dalali aliyewahi kuimiliki miaka ya 1980, alikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba aliikata kingo ili ionekane mpya. Kadi iliyokatwa haistahili namba yoyote kwa kanuni za wapimaji wenyewe. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka 20 watu walilipa fedha za kujenga hospitali kwa sababu plastiki ilisema 8.

Soko halikufa. Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyopewa 9.5 na kampuni nyingine iitwayo SGC, iliuzwa na nyumba ya mnada ya Heritage kwa dola milioni 12.6. Sitaki kukaa sana hapo. Besiboli si mchezo wetu, na Mtanzania anayerusha dau kwenye kadi ya Mantle anashindana na watu walioijua kadi hiyo tangu wakiwa watoto.

Kadi zinazotuhusu sisi zipo, na ni za huzuni. Mwaka 1936 kampuni ya picha za sigara ya Dresden, Cigaretten-Bilderdienst, ilitoa albamu iitwayo Deutsche Kolonien. Mvutaji alipata picha ndogo za rangi kwenye sigara zake na kuzibandika ukurasa kwa ukurasa: Afrika Mashariki, Kamerun, Togo, visiwa vya Bahari ya Kusini. Ujerumani ilikuwa imeshapoteza makoloni hayo yote tangu vita vya kwanza, na albamu ilikuwa sehemu ya kampeni ya kuyadai tena. Wakati watoto wa Dresden wanabandika, Wajerumani walioruhusiwa kurudi Tanganyika tangu 1925 walikuwa wanafyeka misitu na kupanda kahawa kwenye miteremko ya Oldeani, hapahapa juu ya Karatu. Miaka 3 baadaye vita vya pili vikaanza, wakakamatwa na mashamba yao yakawa mali ya adui. Albamu hizo bado zinauzwa Ujerumani kwa bei ndogo. Kwa kuwa picha ziligundishwa, haziwezi kupata namba za juu. Nasema zinunuliwe hivyohivyo zikiwa albamu nzima, maana nguvu yake iko katika mpangilio wa kurasa na maneno yaliyozunguka picha. Picha moja iliyobanduliwa na kufungiwa kwenye plastiki imeshapoteza ushahidi wake wote.

Lakini kitu chetu kikubwa katika soko hili ni sarafu, na kati ya sarafu ni ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo.

Habari yake inafaa kusimuliwa kwa utulivu, kwa sababu kila swali la mnunuzi linajibiwa ndani yake. Tangu 1904 serikali ya Kijerumani ilikuwa na rupia iliyogawanywa katika heller 100, na rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20. Sarafu zililetwa kwa meli kutoka Berlin na Hamburg. Vita vilipoanza 1914, manowari za Uingereza zilifunga bahari, na fedha haikuingia tena. Serikali ikachapa noti za dharura hapahapa nchini, nyingine kwenye karatasi duni ajabu, lakini wapagazi na wakulima walitaka chuma mkononi, na walikuwa na haki: noti ya serikali inayorudi nyuma kila mwezi ni ahadi nyepesi. Makao ya serikali yalikuwa yamehamia Tabora, kwenye reli ya kati. Tabora kulikuwa na karakana ya reli. Na kaskazini mashariki yake, Sekenke, katika Mkoa wa Singida wa leo, kulikuwa na mgodi wa dhahabu.

Basi karakana iliyotengeneza vichwa vya treni ikageuzwa kiwanda cha fedha. Kazi iliongozwa na mhandisi wa madini, Friedrich Schumacher. Kwanza zilitoka sarafu za heller 5 na heller 20 za shaba ya njano na shaba nyekundu, zilizotokana na mabaki ya chuma chochote kilichofaa, yakiwemo maganda ya risasi. Kisha, kuanzia Aprili hadi Julai 1916, ikatoka ya dhahabu. Mihuri yake ilichongwa na sonara kutoka Ceylon, kisiwa kinachoitwa Sri Lanka leo, aliyekuwa akifanya kazi Tabora. Upande mmoja ni tai wa Ujerumani. Upande mwingine ni tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, chini mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Uzito gramu 7.168, upana milimita 22, dhahabu sehemu 750 kwa 1,000. Ziligongwa 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo ya Wabelgiji wakaingia Tabora, na hapakuwa na kiwanda tena.

Nimewahi kuitazama sarafu hiyo kwa kioo cha kukuza, na naona aibu yoyote ya kuisifu kazi iliyofanywa chini ya mkoloni haina nafasi hapo. Mkono wa yule sonara ni mkono wa fundi. Mikunjo ya ngozi ya tembo iko hai. Jina lake halikuandikwa kwenye sarafu, na dunia nzima inayoipigania mnadani inataja karakana na mhandisi.

Sasa msomaji achukue habari hiyo aende nayo mnadani.

La kwanza ni kuelewa kwa nini namba ya sarafu hii ni ngumu kutolewa. Kwenye ngazi ya Sheldon, 60 na kuendelea ni kwa sarafu ambayo haikutumika, na 50 hadi 58 ni kwa iliyoguswa kidogo na matumizi. Mpimaji huangalia sehemu zilizoinuka, kwa sababu hapo ndipo vidole na mifuko husaga kwanza. Lakini karakana ya reli haikuwa Berlin. Muhuri haukugonga kwa nguvu ileile kila mara, na sehemu zilizoinuka wakati mwingine hazikujaa tangu siku ya kwanza. Sehemu iliyofifia kwa kugongwa hafifu na sehemu iliyofifia kwa kusagwa zinafanana sana kwenye picha. Zinatofautishwa na mng'ao: sarafu isiyotumika huwa na mng'ao unaozunguka pale unapoigeuza kwenye mwanga, hata pale palipofifia, na iliyosagwa mng'ao huo umekatika. Kwa hiyo anayenunua kwa picha aombe video ikigeuzwa polepole chini ya taa moja. Nyumba za mnada zinazojiheshimu hutoa. Sarafu mbili zenye 61 zinaweza kuwa mbali sana kwa uzuri, na namba haitakuambia ipi ni ipi.

La pili ni maneno madogo yaliyo kando ya namba. Kasha likisema kwamba sarafu ni halali lakini ilisafishwa, ilikarabatiwa au ilitolewa kwenye kidani, namba kamili haitolewi, na bei inaanguka. Sarafu nyingi za Tabora zilivaliwa. Dhahabu yenye tembo na tarehe ya vita ilikuwa ukumbusho mzuri, watu wakaitia kwenye pete, kwenye cheni, kwenye pini ya tai. Ukingoni kunabaki alama ya kulehemu au sehemu iliyotiwa tupa. Mtu anayetaka kuuza baadaye kwa faida aziepuke. Lakini mtu anayetaka kumiliki kipande cha historia ya nchi yake kwa fedha anazozimudu, hizo ndizo za kutafuta, na mimi singemzuia hata kidogo.

La tatu ni aina. Sarafu hizi ni za makundi mawili, yanayotambuliwa kwa pambo linalofanana na jani: ncha yake inaishia chini ya herufi T au chini ya herufi A ya kwanza katika neno OSTAFRIKA. Kumbukumbu zinataja 9,803 za T na 6,395 za A. Katika heller 20 za shaba mambo ni ya kufurahisha zaidi, kwa sababu kuna taji kubwa na taji dogo, na ncha za herufi mbili za L katika HELLER zimepinda au zimechongoka kwa namna tofauti. Mwanafunzi wa sekondari Karatu mwenye kioo cha kukuza anaweza kuzipanga sarafu hizo kwa usahihi uleule wa mpimaji wa Marekani. Na hapa kuna nafasi halisi, maana wauzaji wa bei ndogo mara nyingi huweka picha bila kutaja aina, na aliyesoma ndiye anayeona kilicho adimu.

La nne ni idadi. Kampuni za kupima hutangaza ni sarafu ngapi zimepewa kila namba, na dalali hupenda kuandika kwamba iliyo mbele yako ni kati ya chache zilizofika juu. Takwimu hizo zisomwe kwa tahadhari. Mwenye sarafu asiyeridhika na 62 huvunja kasha na kuipeleka tena akitumaini 63, na huenda sarafu moja ikahesabiwa mara 2 au 3. Kwa upande mwingine zipo sarafu nyingi zilizolala kwenye droo za Ujerumani bila kupimwa. Idadi inayotangazwa ni ya mara za kupimwa, na kadiri bei inavyopanda ndivyo droo zinavyofunguliwa.

La tano ndilo nililolisubiri, nalo linahusu hadithi.

Kila kitu cha kale huuzwa na hadithi, na hadithi ikitaja jina linalovutia watalii, bei hupanda. Ngorongoro ni jina la namna hiyo. Tuseme mtu anakuonyesha tembo wa Tabora na kusema ilifukuliwa kwenye magofu ya nyumba ya Siedentopf, ndani ya kreta. Hadithi ina mwili. Ndugu wawili, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa kweli na mashamba ndani ya kreta kabla ya vita vya kwanza, wakifuga ng'ombe palipokuwa malisho ya Wamasai, na mabaki ya nyumba ya Adolf yako karibu na mto Munge. Mtalii wa Hamburg angetoa fedha papo hapo.

Mtu anayejua tarehe hatatoa. Moshi na Arusha zilitekwa na Waingereza Machi 1916. Sarafu ya kwanza ya dhahabu iligongwa Tabora Aprili. Kufikia siku ambayo tembo huyo alizaliwa, nyanda hizi za juu zilikuwa zimekatwa na serikali iliyomzaa, na kati yake na Tabora kulikuwa na majeshi. Sarafu ingeweza kufika Ngorongoro baadaye, mfukoni mwa askari, mfanyabiashara au mlowezi aliyerudi miaka ya 1920, lakini hiyo ni hadithi nyingine na inadai ushahidi mwingine. Tena kuna la kisheria: kreta iko ndani ya hifadhi iliyoanzishwa 1959 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Kuchimba humo bila kibali ni kosa. Anayesema alifukua kwenye kreta anakuuzia ama uongo ama kosa lake, na vyote viwili visiingie nyumbani kwako. Hakuna kasha la plastiki duniani lenye nafasi ya kuandika hayo.

Hiyo ndiyo maana ya kile kitu cha ziada nilichokitaja mwanzoni. Mpimaji anajua chuma, nasi tunapaswa kujua mahali. Rupia ya fedha ya 1890 yenye sura ya Kaisari Wilhelm ilikuwa mali ya Kampuni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, DOAG, kabla serikali haijashika fedha mikononi. Kodi ya kibanda iliyoanza 1898 ilidai rupia 3 kwa mwaka, na watu wengi wa bara waliifahamu sarafu hiyo kwanza kama deni. Heller 5 ya 1908 na 1909, kubwa na nzito ya gramu 20, ilikuwa mzigo mfukoni kiasi kwamba iliyofuata ilipunguzwa na kutobolewa katikati. Mtu anayeyajua haya akiona rupia iliyosagika sura ya Kaisari yote, yenye namba ya chini kabisa, anaona kitu kilichopita mikononi mwa watu kwa miaka 20. Ile inayong'aa, yenye 65, huenda ilikaa kwenye kabati la mtu mmoja Ulaya maisha yake yote. Soko linailipa ya pili mara nyingi zaidi. Moyo wangu uko na ya kwanza, na bahati njema ni kwamba ya kwanza ndiyo ya bei tunayoiweza.

Mambo ya mnada wenyewe nitayapita haraka, kwa sababu hayana siri, yana nidhamu tu. Dau unaloliona likitajwa silo utakalolipa. Nyumba ya mnada huongeza ada ya mnunuzi, ambayo kwa nyumba nyingi kubwa ni asilimia 20 au zaidi. Tuseme umeshinda kwa dola 4,000 na ada ni asilimia 20: tayari ni 4,800 kabla ya bima na usafirishaji. Mzigo ukifika Tanzania utakutana na forodha, na kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani kwetu ni asilimia 18. Benki nayo ina makato ya kutuma fedha nje. Aandike mtu jumla yote hiyo kwenye karatasi siku moja kabla, arudi nyuma kwa hesabu mpaka apate dau lake la mwisho, aliwasilishe hilo na kulala. Saa za Marekani zinaufanya mnada mwingi wa huko uangukie usiku wetu, na mtu aliyekesha akiwa na simu mkononi hupandisha dau kwa uchungu wa kushindwa.

Na bandia? Zipo, nyingi. Nakala za tembo wa Tabora zimetengenezwa kwa miongo, nyingine kama kumbukumbu halali zilizofutwa alama ya nakala, nyingine kwa nia ya kudanganya tangu mwanzo, na baadhi ni za dhahabu kweli. Katika maduka ya vinyago yaliyopangana njiani kuelekea mageti ya hifadhi, mtu ataona sarafu za kale zimechanganywa na shanga, na sishauri mtu yeyote kununua dhahabu hapo. Mizani ya sonara yenye kusoma sehemu ndogo za gramu, rula ya kupimia milimita, na picha nzuri ya sarafu halali ya aina ileile vinatosha kukataa nyingi. Zinazobaki ndizo za kupelekwa kwa wataalamu. Kasha nalo lina bandia zake, kwa hiyo namba ya utambulisho iliyo kwenye lebo itafutwe kwenye kumbukumbu za kampuni, na picha ya huko ilinganishwe na sarafu iliyo mbele yako mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Kuuza nje kuna sheria yake. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na vitu vinavyolindwa nayo havitoki nchini bila kibali. Mwenye sarafu za babu yake asijiamulie kwamba zimo au hazimo. Aulize Idara ya Mambo ya Kale kabla hajazitia kwenye bahasha.

Nalisema hili nikiwafikiria watu wa nyanda hizi hasa. Katika nyumba za zamani, kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda, heller na rupia bado hutokea pale mzee anapofariki na vitu vyake kugawanywa. Kinachofuata kwa kawaida ni mnunuzi anayepita, bei ya haraka, na sarafu kwenda Arusha, Nairobi, Ulaya. Miaka michache baadaye huenda ikaonekana kwenye orodha ya mnada ikiwa safi ndani ya plastiki, na namba yake, na chini yake sentensi moja: Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kijiji kimefutika. Jina la aliyeitunza limefutika, pamoja na alichoambiwa na mama yake kuhusu ilivyopatikana, kama ni ujira wa kubeba mizigo ya vita au chenji ya ng'ombe aliyeuzwa kulipia kodi.

Hilo linaweza kuzuiwa na mtu yeyote mwenye simu. Piga picha sarafu pande zote mbili ikiwa kando ya rula. Iweke kwenye mizani ya duka la dawa na uandike uzito. Usiisugue, wala usiioshe kwa ndimu au dawa ya meno, kwa sababu mng'ao ukiondoka haurudi na bei inaondoka nao. Kisha kaa na mkubwa wa nyumba, mama mkubwa au babu mdogo, mwamkie, mwombe aeleze ilikotoka, na urekodi maneno yake kwa lugha yake, Kiiraqw, Kimaasai au Kiswahili, pamoja na jina la kijiji na mwaka wa kuzaliwa wa aliyeimiliki kama unajulikana. Fanya hivyo kabla hujazungumza bei na mtu. Familia ikiamua kubaki nayo, ina kumbukumbu. Ikiamua kuuza, rekodi hiyo na picha zake ziambatane na sarafu kwa maandishi yaliyotiwa saini, na nakala ibaki nyumbani. Wanunuzi wakubwa hulipa zaidi kwa kitu chenye asili inayothibitika, na safari hii asili itakuwa imeandikwa na wenyewe.